Risasi Isiyotoka Mtutuni

Askari huijua risasi itokayo mtutuni. Mjini Kabwe, katika nchi jirani ya Zambia, iko risasi nyingine: madini yenyewe, yaliyochimbwa na kuyeyushwa pamoja na zinki kwa takriban miaka 90, hata mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Kazi ikaondoka, vumbi likabaki. Watoto wa Kasanda, Makululu na Chowa huchezea vumbi hilo, nalo huingia kinywani na kudumaza akili kabla dalili hazijaonekana.

Mji uliopoteza ajira hutamani kujenga upesi penye uwanja mtupu. Lakini ardhi ya namna hiyo haipimwi kwa macho. Sharti udongo upimwe nyumba kwa nyumba, na damu ya watoto pia, kwani upepo haujui ua wa mgodi.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Zambia fedha kwa kazi hiyo. Ajabu ni kwamba leseni za kufukua mabaki yale yale zimetolewa vilevile. Nyua zinasafishwa, huku jaa linachokolewa!

Na mlinzi awekwaye langoni pa jaa naye apimwe, maana sare yake hulibeba vumbi hilo hadi nyumbani kwa wanawe.