Ruhusa Itolewe Kabla ya Usiku: Mazungumzo juu ya Mgonjwa Asiyeweza Kungoja



Katika nyanda za juu za Iringa na Mbeya, baridi ya Juni na Julai huingia nyumbani kabla ya jua kuzama. Mtoto mchanga huvikwa sweta juu ya sweta, hufungwa khanga, hufunikwa blanketi na kulazwa karibu na moto. Hayo ni malezi mema, na hakuna wa kuyalaumu. Lakini nguo hizo hizo humfunika mtoto mahali ambapo ugonjwa wake ungeonekana, kwa maana nimonia haijionyeshi sana usoni; hujionyesha kifuani.

Itazamwe kaya moja ya aina inayopatikana katika vijiji vingi, iwe Mufindi, Kilolo, Rungwe au kwenye miinuko ya Uporoto. Baba amekwenda kupasua mbao katika msitu wa Sao Hill, au kuvuna mpunga katika bonde la Usangu. Nyumbani wamebaki mama mwenye mtoto wa miezi minane, na mama mkwe wake. Mtoto anakohoa tangu juzi, na jioni hii ameliacha ziwa. Mama anasema kwa sauti ya chini, “Mama, naona huyu apelekwe zahanati.” Mama mkwe, aliyelea watoto wengi na wajukuu, anajibu, “Ni baridi tu, mwanangu. Tumpate kwanza baba yake, halafu tuone kesho.” Simu ya baba haipatikani. Karibu na usiku wa manane mtoto anaacha kulia. Nyumba nzima inashukuru kwamba ametulia, na watu wanalala.

Kutulia huko ndiko kunakotisha kuliko kilio chote cha mchana. Mtoto anayelia bado ana nguvu ya kulia. Mtoto aliyelegea, asiyefuata uso wa mama kwa macho, asiyeamka vizuri hata akiguswa, amekwisha kuishiwa akiba ya mwili wake.

Katika nyumba ile hakuna aliyekosa upendo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema “twende”. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipoandika juu ya vifo vya wanawake vitokanavyo na uzazi, waligawa ucheleweshaji katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo unamfaa mgonjwa wa aina yoyote. Barabara ya matope kati ya Novemba na Aprili, gari la wagonjwa lisilokuwapo, na zahanati isiyo na mtu usiku ni mambo ya kuulizwa katika mkutano wa kijiji na katika baraza la madiwani, na wakazi wana haki ya kuyauliza kwa sauti. Ila ucheleweshaji wa kwanza uko ndani ya nyumba, na mara nyingi huvaa sura ya busara na subira.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamtaka mhudumu aangalie kwanza ishara nne, na ishara hizo mzazi naye anaweza kuziona bila kifaa chochote: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepatwa na degedege, amelegea mno au amepoteza fahamu. Ishara moja kati ya hizo inatosha. Haingoji ya pili, wala haingoji asubuhi.

Kupumua kunahitaji utulivu kidogo. Mtoto asogezwe penye mwanga, nguo zipandishwe, na kifua kitazamwe akiwa hanyonyi wala halii. Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima kwa saa ya mkononi au ya simu. Mtoto aliye chini ya miezi miwili akifikisha 60, wa miezi miwili hadi kumi na miwili akifikisha 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi na lazima aonwe na mhudumu siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inadidimia ndani kila anapovuta pumzi, au anakoroma kwa sauti kali akiwa ametulia, basi safari ianze sasa. Nguo zirudishwe, maana baridi haijaondoka. Kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili, homa yoyote, mwili kuwa wa baridi, au kukataa ziwa ni sababu tosha ya kuondoka nyumbani.

Dawa ya kutuliza homa hudanganya wengi. Panadol hushusha joto, mtoto hucheza nusu saa, na familia huona hakuna haja tena ya safari. Dawa hiyo haikugusa ugonjwa wenyewe. Vivyo hivyo vidonge vilivyobaki tangu ugonjwa wa mwaka jana, au dozi nusu iliyonunuliwa dukani kwa kadiri ya pesa iliyokuwapo. Kukata kimeo kwa sababu ya kikohozi humwongezea mtoto kidonda na kutokwa damu, na nimonia hubaki palepale.

Degedege lina historia yake. Katika sehemu mbalimbali za nchi kumekuwapo imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa, na hivyo huanzia kwa mganga. Imani hiyo ilipata nguvu kwa sababu watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa wamechoka kabisa, na sindano ikawa jambo la mwisho walilotendewa. Mtoto anapokakamaa, alazwe ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, asitiwe kijiko wala dawa mdomoni, asifukizwe moshi, na usafiri utafutwe hapo hapo.

Kuna pia wasafiri. Mtu aliyekulia kwenye baridi, mahali penye mbu wachache, hana kinga kubwa ya malaria. Akishuka Kyela, Usangu au Kilombero kulima au kuuza, akarudi na homa, haifai ahesabiwe kuwa na mafua ya safari. Apimwe siku ya kwanza ya homa, na amwambie mhudumu alikotoka, kwa sababu katika zahanati ya mlimani malaria huenda isiwe jambo la kwanza kufikiriwa. Akianza kuchanganyikiwa, kukojoa mkojo mweusi, au kushindwa kusimama, amevuka mpaka wa zahanati na anahitaji hospitali.

Kwa mjamzito na aliyejifungua, saa ni fupi zaidi. Damu inayotoka, maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona ukungu, kifafa cha mimba, homa, au uchungu uliopitiliza siku havingoji mume wala kikao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali ule wa 2015-16 ulikadiria 556. Maelfu ya wanawake wanaishi ambao zamani wangezikwa. Namba 115, isiyotozwa malipo, hupigwa kupitia mpango wa m-mama ili mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga apatiwe gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyekubaliwa kwa kazi hiyo. Mpango huo ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022. Namba hiyo inafaa iandikwe kwa mkaa ukutani, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu ataisoma.

Wazee wasisahauliwe. Mdomo ulioenda upande, mkono ulioanguka ghafla, maneno yaliyopinda: huo ni ugonjwa wa kiharusi, na kumkanda mzee kwa siku tatu kabla ya hospitali ni siku tatu zilizopotea. Maumivu ya kifua yanayobana na kuleta jasho nayo hayavumiliwi.

Sasa lirudiwe neno la ruhusa, maana hapo ndipo kaya nyingi hukwama. Kwa desturi, mgonjwa ni wa ukoo, na ukoo huketi. Desturi hiyo imewalinda watu kwa miaka mingi, kwa sababu ndiyo inayotoa nauli, ndiyo inayokaa na watoto waliobaki, ndiyo inayopeleka uji wodini. Haifai kutupwa. Kinachofaa ni ukoo kuketi mapema, siku ambayo hakuna anayeumwa. Baba aseme mbele ya mama yake mzazi na ya jirani kwamba mkewe akiona moja ya ishara zilizotajwa, aondoke na mtoto, na maelezo yatafuata. Mama mkwe akiwa ameshirikishwa siku hiyo, usiku wa ugonjwa atakuwa wa kwanza kushika tochi. Fedha kidogo, iwe ya kikundi cha kuweka na kukopa au ya debe la mahindi lililotengwa, ijulikane ilipo. Dereva wa bodaboda anayekubali kutoka usiku ajulikane, na wa pili pia, kwa sababu wa kwanza anaweza kuwa safarini.

Wapo wanaohofia kwenda bure. Mama huogopa kuambiwa na mhudumu, “Huyu ana mafua tu,” na kurudi nyumbani akichekwa, nauli ikiwa imekwisha. Hofu hiyo ni ya kweli, na mhudumu anayemcheka mama mbele ya watu anastahili kuonywa na kamati ya kituo. Hata hivyo nauli ya bure hulipwa kwa wiki mbili za kubana matumizi.

Zahanati iliyo karibu isirukwe kwa sababu tu haina vitanda. Huko mgonjwa anaweza kupewa dozi ya kwanza na barua ya rufaa, na mhudumu anaweza kupiga simu mbele ili apokelewe kituo cha afya au hospitali, iwe Tosamaganga, Ilula, Chimala, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, au ya Kanda Mbeya, ambayo wodi zake za wazazi ziko Meta.

Mkobani iwekwe kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, khanga safi na chaja ya simu. Viwekwe pia vifuko vya dawa zote alizopewa mgonjwa tangu siku ya kwanza, na kama alinyweshwa mitishamba itajwe bila kuona haya: ni mti gani, kiasi gani, saa ngapi. Mhudumu anayepokea mgonjwa saa nane za usiku atauliza lini kikohozi kilianza, lini mtoto alinyonya kwa mara ya mwisho, lini alikojoa. Anayejua majibu hayo ni mama aliyekesha naye, kwa hiyo ndiye apande pikipiki pamoja na mtoto, hata kama shemeji mwenye kauli nzuri amejitolea kwenda badala yake.