Kiti Alichoachiwa Banda



Tumeombwa tuzungumze juu ya utawala wa mtu mmoja, nasi tumeona heri tuwasimulie habari za Malawi kuliko kuwachosha kwa nadharia za sheria. Mtu mwenyewe ni Daktari Hastings Kamuzu Banda, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo.

Tusimnyime sifa zake. Alisomea udaktari Marekani na Uskoti, akatibu wagonjwa Uingereza kwa miaka mingi, na aliporejea kwao Julai 1958 alilakiwa kama mkombozi. Machi 1959 wakoloni walitangaza hali ya hatari, wakamweka kizuizini Gwelo, Rhodesia ya Kusini, bila kumfikisha mbele ya hakimu. Alipokuwa huko kiliundwa chama cha Malawi Congress, na aliyekiongoza kwanza ni Orton Chirwa, Mwafrika wa kwanza wa nchi ile kuwa wakili. Banda alipofunguliwa Aprili 1960, Chirwa alimwachia kiti.

Banda akawa Waziri Mkuu mwaka 1963, na uhuru ukapatikana tarehe 6 Julai 1964. Hata miezi miwili haijatimia, mawaziri wake walimwendea na malalamiko: kwamba anaamua mambo peke yake, kwamba vyeo vikubwa vingali mikononi mwa Wazungu, kwamba maskini wanatozwa ada hospitalini. Septemba aliwafukuza watatu, Chirwa akiwamo, aliyekuwa Waziri wa Sheria. Wenzao wakajiuzulu. Mwaka 1966 nchi ikawa jamhuri ya chama kimoja, na mwaka 1971 Banda akawa Rais wa maisha. Mambo hayo yote yalifanywa kwa sheria zilizopitishwa Bungeni. Wakenya tusiwacheke: kifungu cha 2A nacho kilipitishwa na Wabunge wetu mwaka 1982, kikadumu hadi Desemba 1991.

Kilichotuuma sisi mawakili zaidi ni habari ya mahakama. Banda alizipa zile zilizoitwa mahakama za kimila uwezo wa kusikiliza hata kesi za mauaji na uhaini, na waliokaa kuhukumu wengi wao walikuwa machifu wasiosomea sheria. Desemba 1981 Chirwa na mkewe Vera, naye wakili, walikamatwa. Wao walisema walitekwa nyara kutoka Zambia. Walishtakiwa kwa uhaini mbele ya mahakama hiyo, wakakataliwa kutetewa na wakili. Hebu fikirini: mawakili wawili kizimbani bila wakili! Walihukumiwa kifo mwaka 1983, na mwaka uliofuata adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Basi nani alithubutu kusema? Tarehe 8 Machi 1992, Jumapili ya Kwaresima, waraka wa maaskofu saba Wakatoliki ulisomwa katika parokia za nchi nzima. Uliyataja waziwazi umaskini, hofu, na mahakama zisizotenda haki. Serikali iliwahoji maaskofu na kuutangaza waraka kuwa wa uchochezi. Banda mwenyewe, ambaye alikuwa mzee wa Kanisa la Kipresbiteri, aliwaona Wapresbiteri nao wakijiunga na madai hayo baadaye. Wafadhili wakazuia misaada, wafanyakazi wakagoma.

Tarehe 18 Oktoba 1992 Banda alitangaza kwamba kutakuwa na kura ya maoni. Ilipopigwa, tarehe 14 Juni 1993, zaidi ya asilimia 60 walichagua vyama vingi. Mei 1994 alishindwa uchaguzini na Bakili Muluzi, akakubali, na hilo tunamhesabia.

Lakini Chirwa hakuiona kura hiyo. Alifia gerezani Zomba tarehe 20 Oktoba 1992, siku mbili baada ya lile tangazo, akiwa mfungwa wa mtu aliyemwachia kiti. Vera alifunguliwa Januari 1993, akarudi kwenye kazi ya kutetea haki za watu.