Kuhamia Pembezoni mwa Jiji: Mambo ya Kupima Kabla Familia Haijafunga Mizigo

Mazungumzo kwa wakazi wa kata zilizo kandokando ya Barabara ya Morogoro, mkoani Pwani

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani ukiwa na watu milioni 1 na ushei. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2. Sehemu ya ongezeko hilo ni watoto waliozaliwa hapa hapa. Sehemu nyingine ni familia zilizotoka Dar es Salaam, jiji ambalo sensa hiyo hiyo ililikuta na watu zaidi ya milioni 5. Kibaha, Mlandizi, Kisarawe, Vikindu na Mapinga, ambako zamani watu walikwenda shambani mwisho wa juma, sasa ni mahali wanakolala na kuamkia safari ya kazini.

Wengi wa wakazi wa kata hizi ama ni wahamiaji wa miaka ya karibuni, ama ni wapangaji ambao bado wanatafuta pa kujenga, ama ni wenyeji wanaopigiwa simu na ndugu zao wa mjini wakiulizwa, "Huko kwenu kukoje?" Swali hilo linastahili jibu lenye uzito, kwa kuwa nyumba ikishasimama haihamishiki, na mtoto aliyepoteza miaka mitatu ya shule hawezi kurudishiwa.

Saa za safari

Jambo la kwanza la kupima ni saa. Madalali hutaja umbali kwa kilomita, na Kibaha kweli haipungui sana wala haizidi sana kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Lakini mfanyakazi hasafiri kwa kilomita. Husafiri kwa foleni, kwa kusubiri gari kituoni, kwa bodaboda ya kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwake. Mzazi anayetumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa siku 22 za kazi, amekaa njiani saa 88 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya siku tatu na nusu, usiku na mchana. Anayetoka saa kumi na nusu alfajiri na kurejea saa tatu usiku humwacha mtoto mdogo amelala na humkuta amelala. Familia ya namna hiyo imepata nyumba na kupoteza mazungumzo ya mezani.

Hali ya usafiri imebadilika, na ni haki kulisema hilo. Mabasi ya mwendokasi yalianza kufanya kazi kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Barabara kutoka Kimara kuja Kibaha imepanuliwa. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na njiani ina stesheni za Pugu, Soga na Ruvu. Hata hivyo treni si daladala. Ina ratiba, na si kila treni husimama kila stesheni. Mwenye kutaka kuitegemea aisome ratiba kwanza, alinganishe na saa ya kuripoti kazini, kisha ahesabu pia kipande cha mwisho cha kutoka stesheni hadi nyumbani.

Kipimo bora ni kusafiri mwenyewe. Anayewaza kuhamia kijiji fulani afike hapo Jumapili jioni, alale kwa ndugu au katika nyumba ya wageni, na Jumatatu alfajiri aondoke kuelekea kazini kama mkazi. Aandike saa ya kutoka, saa ya kufika na nauli ya kila kipande, kisha azidishe jumla ya siku moja mara 22. Mara nyingi tofauti ya kodi ya nyumba inayomvuta kutoka mjini huliwa nusu nzima na nauli, na kabla hajatoka nyumbani ni vyema alijue hilo.

Shule na njia ya kwenda shule

Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada katika shule za Serikali tangu mwaka 2016. Hilo liliwaondolea wazazi mzigo mkubwa, na pia lilijaza madarasa. Viwango vinavyotumika nchini ni wanafunzi 45 kwa darasa katika shule ya msingi, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Mzazi anaweza kwenda shuleni, kumsalimu mwalimu mkuu na kuuliza idadi hizo bila kuona haya. Kuuliza si ujinga. Shule yenye wanafunzi 110 katika chumba kimoja si lazima iwe na walimu wabaya, lakini mzazi atajua kazi inayomsubiri jioni.

Lililo muhimu zaidi ni njia. Shule ikiwa ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, ambako malori ya kwenda bara hupita usiku na mchana, mtoto wa darasa la kwanza atavuka barabara hiyo mara mbili kila siku ya masomo. Shule ikiwa ng'ambo ya korongo, ataligusa maji ya masika. Mzazi aitembee njia hiyo kwa mwendo wa mtoto wa miaka sita, saa ambayo mtoto ataipita. Vijiji kadhaa vimeanzisha shule shikizi ili watoto wa madarasa ya awali wasitembee mbali. Penye shule ya aina hiyo, mhamiaji aulize itafika darasa la ngapi na lini, na asipofurahishwa na jibu aingie katika kamati ya ujenzi baada ya kuhamia badala ya kulalamika akiwa mjini.

Sekondari nayo ifikiriwe mapema, hata kama mtoto bado ananyonya. Watoto hukua upesi kuliko madarasa yanavyojengwa.

Afya na maji

Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka lengo la zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Kati ya lengo na jengo kuna safari, na kati ya jengo na huduma kuna safari nyingine. Mjamzito na mzee mwenye shinikizo la damu ndio kipimo cha eneo. Je, zahanati iliyo karibu hufunguliwa usiku? Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku mvua ikinyesha, chombo kipi kitamfikisha kituo cha afya, na dereva wake anajulikana? Mji wa Kibaha una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, na hiyo ni neema kubwa kwa ukanda huu wote. Lakini familia iliyojenga kilomita 15 ndani ya barabara ya udongo ina Tumbi wakati wa kiangazi tu, ikiwa daraja dogo la njiani husombwa kila masika.

Kuhusu maji, wakazi wa ukanda huu wanajua kitendawili chao. Mtambo wa Ruvu Juu uko hapa Mlandizi, na mabomba yake makubwa hupita kuelekea jijini. Bomba kupita mbele ya kiwanja si sawa na bomba kuingia uani. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mkazi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka kwake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Mhamiaji aulize mambo matatu: kituo cha karibu kiko umbali gani, maji hutoka siku ngapi kwa juma, na ndoo moja huuzwa bei gani wakati hayatoki. Jibu la kweli halitoki kwa dalali. Hutoka kwa mama anayeonekana na ndoo kichwani.

Ardhi yenyewe

Hapa ndipo familia nyingi zimelizwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuelezwa kuwa zimo ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Baadhi ya waliobomolewa walikuwa wameishi hapo miaka mingi. Funzo lake halihitaji kufafanuliwa mno: kuwepo kwa nyumba za majirani si ushahidi kwamba mahali panaruhusiwa kujengwa.

Basi mnunuzi afuate hatua, na asiruke hata moja.

Kwanza, ajue ni ardhi ya aina gani. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na muuzaji mmoja pekee hawezi kuimaliza biashara chini ya mwembe. Kiwanja kilichopimwa kina namba, kitalu na mawe ya mpaka, na mchoro wake huonekana katika ofisi ya ardhi ya halmashauri.

Pili, kama kuna hati, ifanyiwe upekuzi kwa Msajili wa Hati ili ijulikane mmiliki ni nani na kama imewekwa rehani benki.

Tatu, kama muuzaji ana ndoa na eneo ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi wake ni sharti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuiuza nyumba hiyo bila mwingine. Mnunuzi anayepuuza sharti hili hununua kesi.

Nne, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huzuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kiwanja cha bei ya chini kando ya Ruvu au vijito vyake kina sababu ya kuwa na bei hiyo.

Tano, kila malipo yawe na maandishi, mashahidi na stakabadhi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Eneo lionwe mara tatu: siku ya jua, siku ya mvua kubwa na usiku. Jua huonyesha mipaka, mvua huonyesha maji yanapita wapi, na usiku huonyesha taa, ulinzi na kelele.

Anayebaki nyumbani

Katika nyumba nyingi, uamuzi wa kuhama hufanywa na yule anayelipa, na maisha ya huko huishiwa na wengine. Baba akiwa mjini saa 16, ni mama, bibi, mtoto na msaidizi wa kazi wanaolijua eneo. Atakayekaa hapo muda mrefu zaidi ndiye aulizwe kwanza. Kama mama ana genge la mboga Manzese linalolipa ada ya mtoto mmoja, kumhamishia mahali pasipo na wateja ni kupunguza kipato cha nyumba hata kama kodi imekwisha.

Kwa sababu hiyo, njia salama ni kupanga kwanza. Mwaka mmoja wa upangaji katika kata inayotamaniwa hupitisha masika, vuli, muhula wa shule na homa za watoto. Familia ikiona panafaa, itanunua ikiwa na majirani wanaoijua na macho yaliyofunguka. Ikiona hapafai, imepoteza kodi ya mwaka na kuokoa nyumba nzima.

Wajibu wa wenyeji na wageni

Ubora wa kata hauletwi na lori la mizigo. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na humo husomwa mapato na matumizi. Mtu anayefikiria kuhamia akihudhuria mkutano mmoja, hata akikaa nyuma, atajifunza zaidi kuliko kwa dalali kumi: ataona kama viongozi huulizwa maswali, na kama huyajibu.

Akishahamia, ajiandikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Familia isiyojulikana haihesabiwi pale madawati, dawa na vituo vya maji vinapopangwa. Mhamiaji anayelala Pwani na kujitambulisha kama mtu wa Dar es Salaam huongeza foleni ya zahanati bila kuongeza sauti ya kudai zahanati nyingine.

Wenyeji nao wana amana. Ndugu anapouliza, aambiwe ukweli wote: bomba lililokauka, korongo linalofurika, na pia mwalimu anayejitolea jioni na jirani anayeamka usiku akiitwa. Anayeficha kasoro za kijiji ili kiwanja cha shemeji kiuzike atamkuta mnunuzi huyo kisimani kila asubuhi kwa miaka 30.

Ndugu wakazi, ofisi ya mtendaji wa kata na ofisi ya ardhi ya halmashauri zipo kwa ajili ya maswali haya. Aulize anayetaka kununua, aulize anayetaka kuuza, na aulize zaidi yule ambaye ameshapewa bei na kuambiwa afanye haraka.