Mfungaji Aliyeketi Pembeni

Wahitimu, nimechagua habari za mcheza kandanda, kwa kuwa ninyi mnaotoka leo mkiwa maseremala, waashi na washonaji, haitapita miaka mingi kabla kila mmoja wenu hajakabidhiwa mwanagenzi.

Tarehe 19 Julai 1977, katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, na matatu kati ya hayo yalikuwa ya Abdallah Kibadeni, yule aitwaye King. Mtu wa fakhari hiyo angaliweza kuishi umri wake wote kwa kusimuliwa tu. Yeye aliingia katika ukocha, na mwaka 1993 akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF, daraja ambayo klabu ya Tanzania ilikuwa haijapata kuikanyaga. Baada ya sare ya bila mabao kule Abidjan, wapinzani wao Stella walikuja Dar es Salaam wakashinda 2 kwa 0, katika uwanja ule ule wa 1977.

Hapo ndipo fikira zangu hukaa sana. Mtu ajuaye kwa miguu yake mwenyewe jinsi bao linavyopatikana ameketi pembeni, hana ruhusa ya kuvuka mstari wa chokaa, na maarifa yake yote hayana njia ila miguu ya vijana wengine. Naamini kwa yakini kwamba stahamala hiyo ni nzito kuliko mabao yale matatu. Fundi aghalabu hushindwa hapo: amwonapo mwanagenzi anakosea kupiga randa, humpokonya akaimaliza kazi mwenyewe, ubao ukanyooka, kijana akabaki vile vile. Nimewaona washonaji hapa sokoni Kiboriloni, kando ya marundo ya mitumba, wakimwacha kijana afumue mshono wa koti mara ya tatu ilhali mteja amesimama anangoja, na watu hao nawaheshimu mno.

Machungu ya 1993 hayakumtoa Kibadeni katika kazi ile. Alifundisha timu nyingine, Kagera Sugar mojawapo, na mwaka 2013, umri wake umekwisha kupita miaka 60, Simba ilimwita tena, naye akaenda kuketi pembeni mwa mstari.