MKOPO WA CHUO HUANZIA KWENYE CHETI CHA KUZALIWA

Maneno ya Kamati ya Elimu yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu



  Miaka kumi si mchezo. Vikundi vingi huvunjika mwaka wa pili, pale kisanduku kinapoanza kuwa kizito.

Sisi wa Kamati ya Elimu tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni maombi ya mkopo wa wanafunzi wa elimu ya juu. Kwa nini hilo na si jingine? Kwa sababu watoto tuliowanunulia madaftari kikundi kilipoanza sasa wanamaliza kidato cha sita. Na kwa sababu kila mwaka, ikifika mwezi wa Agosti, akina mama wanagonga milango yetu usiku wakiwa wameshika karatasi, na siku zilizobaki ni tatu. Tunasaidia tunavyoweza, lakini siku tatu hazitoshi. Ndiyo maana tunasema leo, mapema, na tumeomba maneno haya yachapwe katika kijitabu ili mtu ayarudie nyumbani.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Wazee wetu waliosoma chuo zamani walisomeshwa na Serikali. Baadaye ikaja sera ya kuchangia gharama, na tangu Julai 1994 Serikali ikaanza kutoa fedha hizo kama mkopo. Kisha Bunge likapitisha Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Kwa hiyo, jamani, tuelewane: hii si sadaka wala zawadi. Ni mkopo kama huu wetu wa kikundi, isipokuwa kisanduku chake ni cha nchi nzima.

Mkopo huo unasaidia nini? Unaweza kugusa ada ya masomo, chakula na malazi, vitabu na viandikio, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Fedha ya chakula na malazi ndiyo watoto wanayoiita bumu. Iliongezwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Lakini si kila mwombaji anapata kila kitu. Bodi inapima uhitaji wa mtoto na kuangalia kozi aliyochaguliwa. Mmoja atapata ada yote, mwingine nusu, mwingine bumu bila ada, na mwingine hatapata kabisa. Basi mama asitangaze mtaani kwamba mwanawe "kapata mkopo" kabla hajasoma kilichoandikwa kwenye akaunti ya mtoto.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe, maana hapo ndipo tunapoanguka.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Maombi hufanywa kwa njia ya intaneti, na cheti hicho lazima kiwe kimehakikiwa na RITA. Wenzetu wenye watoto waliozaliwa Zanzibar wanahakikiwa na mamlaka ya usajili ya huko. Kuhakiki maana yake ni RITA kuthibitisha kwamba cheti ulichonacho kimo kweli katika kumbukumbu zao. Mwanachama mwenzetu mmoja alikuwa na cheti safi kabisa, kimetunzwa ndani ya Kurani miaka kumi na minane. Kwenye cheti jina la babu limeandikwa kwa herufi moja tofauti na lile la cheti cha kidato cha nne. Herufi moja! Mtoto alihangaika wiki mbili kati ya ofisi na ofisi, huyu anamtuma kwa yule, yule anamrudisha kwa huyu. Alifanikiwa, lakini nauli peke yake ilimla mama yake faida ya mwezi mzima ya genge.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni huu. Mama mwenye mtoto wa darasa la saba leo, akirudi nyumbani akitoe cheti cha kuzaliwa akilinganishe na jina la shuleni. Kama yanatofautiana, rekebisha sasa, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mitihani ya Taifa. Na yule ambaye mtoto wake hana cheti kabisa, asisubiri kidato cha sita.

Karatasi ya pili ni cheti cha kifo. Hapa tunaomba radhi kwa wenzetu wajane, tunajua tunagusa kidonda. Mtoto yatima hupewa uzito katika kupimwa, lakini Bodi haiwezi kujua kwamba ni yatima kwa kuambiwa tu. Inataka cheti cha kifo cha mzazi, nacho kimehakikiwa vilevile. Wengi wetu tulizika, tukakaa matanga, tukagawana nguo za marehemu, tukasahau kusajili kifo. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Tunao hapa ukumbini wajane ambao watoto wao walionekana kwenye maombi kama watu wenye baba, kumbe baba amelala kaburini mwaka wa sita. Kama wewe ni mmoja wao, njoo tuandamane pamoja hadi ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na hapo hapo tuseme jambo lisilopendeza. Wapo wanaotujia wakitaka tuwasaidie kuandika kwamba baba wa mtoto amefariki, ilhali yuko hai ameoa kwingine. Tunaelewa uchungu wao. Lakini baba aliyetoroka si marehemu. Mnacheka, lakini ni jambo zito. Taarifa za uongo zinaweza kumharibia mtoto maombi yote na kumtia matatani kisheria, na Mwenyekiti wa Mtaa aliyegonga muhuri naye ataingia humo humo. Andikeni ukweli, hata ukiwa mchungu.

Karatasi ya tatu ni ushahidi mwingine wa hali ya nyumbani. Kaya zilizomo katika mpango wa TASAF ziwe na namba yao ya unufaika. Mwenye ulemavu, awe mtoto au mzazi, athibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Mtoto aliyesomeshwa sekondari na mfadhili, iwe kanisa, msikiti au shirika, apate uthibitisho wa mfadhili huyo. Vitu hivi watoto wetu wengi wanavyo, ila hawajui kwamba vinahesabika.

Baada ya hapo ndipo mtoto anajaza fomu. Dirisha la maombi hufunguliwa kwa muda maalumu tu, na tarehe za mwaka husika zisomwe kwenye tangazo la Bodi yenyewe, si kwa jirani. Ada ya maombi kwa miaka hii imekuwa shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mtandao, na hairudishwi. Namba ya mtihani wa kidato cha nne anayoombea mkopo iwe ile ile aliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani awe makini sana hapa, maana akitumia namba mbili, mkopo na chuo havitakutana.

Fomu ikishajazwa inachapishwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo au hakimu, kisha inarudishwa mtandaoni ikiwa na sahihi na mihuri yote. Wapo wanaolipa, wanajaza, halafu wanasahau kuirudisha. Hao kwa Bodi ni kama hawakuomba.

Kuhusu mdhamini tumeulizwa sana. Akina mama wanaogopa kuweka sahihi. Sisi tunasema, someni sehemu hiyo kwa utulivu kama mnavyosoma mkataba wetu wa kikundi kabla ya kukopa. Mdhamini katika kikundi chetu ni nani? Ni yule anayejua mkopaji anaishi wapi na anayemfuata akianza kujificha. Usimdhamini mtoto usiyemjua kwa sababu tu baba yake amekununulia soda.

Jambo lingine ni usalama. Watoto wetu wengi hujaza maombi kwenye vibanda vya intaneti. Si vibaya. Lakini namba ya simu iwe ya mtoto au ya mama yake, na neno la siri aliandike kwenye daftari lake, si kichwani mwa kijana wa kibandani. Tumeona binti akishindwa kufungua akaunti yake kwa sababu aliyemjazia alitumia simu yake mwenyewe, kisha akahama mji. Na yeyote anayekupigia akisema ana mtu Bodi, umtumie laki moja mkopo utoke, huyo ni tapeli. Kateni simu.

Majibu hutoka kwa awamu. Jina lisipotoka awamu ya kwanza, mtoto asitupe begi chini. Asubiri awamu zinazofuata, na zikiisha kuna dirisha la rufaa kwa asiyeridhika. Rufaa inataka kitu kipya: cheti kilichokosekana, uthibitisho uliosahauliwa. Kulia peke yake hakuongezi kitu kwenye fomu.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye lile lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo.

Kati ya barua ya chuo na bumu la kwanza kuna wiki kadhaa. Chuo kinataka mtoto aripoti. Kuna nauli, godoro, sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia, chakula cha siku za mwanzo. Hapo ndipo mama anakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Anakopa kwa wiki, anarudisha kwa wiki, na riba inamla. Hapa mtaani tumeona cherehani ikichukuliwa, na jokofu la kuuzia maji likibebwa mchana kweupe, wakati mtoto yuko chuoni hajui lolote. Mtoto anasomeshwa kwa kuua mradi uliokuwa ukiwalisha wadogo zake. Je, tutaendelea kuangalia hivyo, na kisanduku chetu kina fedha?

Kamati ya Elimu inaleta maombi matatu mbele ya mkutano mkuu ujao. Moja, mfuko wa jamii utenge fedha za nyaraka: kukopesha bila riba gharama za vyeti, uhakiki na ada ya maombi. Mbili, uwepo mkopo wa kuripoti chuo, wenye kikomo, unaorejeshwa kidogo kidogo kwa miezi kumi, na usihesabiwe katika mkopo wa biashara wa mwanachama. Tatu, kila mwaka mwezi wa Machi tuwe na siku moja ya kukagua vyeti vya watoto wote wa wanachama, kuanzia darasa la saba. Wapo watakaosema fedha ya kikundi ni ya biashara. Tunawajibu kwa heshima: mama ambaye mtaji wake umeliwa na kausha damu hana tena biashara ya kukopeshewa.

Mwisho tuseme na nyinyi vijana wetu mliokaa huko nyuma. Dawa ya deni ni kulipa. Mhitimu anatakiwa kuanza kurejesha baada ya miezi 24 tangu kumaliza chuo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake au shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwaka 2021 Serikali ilifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji, kwa hiyo mzigo umepungua, ila deni lenyewe liko pale pale. Na mkiwa chuoni someni. Mkopo wa mwaka wa pili unategemea kufaulu mwaka wa kwanza. Mkihama chuo au kubadili kozi, nendeni kwa afisa mikopo wa chuo siku hiyo hiyo.

Nyinyi mmewaona mama zenu wakirejesha kila wiki kwa miaka kumi. Mwingine alirejesha wiki aliyofiwa. Hatuna mfano mwingine wa kuwapa kuliko huo.

 Tunawaomba viongozi wetu wa mtaa watuwekee siku maalumu ya kusaini fomu mwezi wa Julai, ili watoto wasizunguke wakiwatafuta wenye mihuri. Nanyi wanachama, mkifika nyumbani leo, kabla ya kulala, fungueni sanduku mtafute kile cheti.

Kikundi hoyee! Akina mama hoyee! Watoto wetu hoyee!