KUWEKA VIPAZA SAUTI NYUMBANI



Mariakani ni mji wa barabarani. Malori yaendayo Nairobi na yateremkayo Mombasa hupita usiku na mchana, na mengi husimama penye mizani. Mwenye nyumba aliye karibu na barabara, asiposikia vema habari za redio, huongeza sauti. Jirani hulalamika, na maneno hayajaeleweka bado. Mara nyingi kosa si la chombo, bali la mahali kilipowekwa.

Sauti nyembamba, zipambanuazo neno na neno, huenda mbele moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi. Kipaza sauti kilichowekwa sakafuni huzipeleka magotini. Basi na kiwekwe juu ya kigoda kirefu, hata kinywa chake kidogo kilingane na masikio ya mtu aliyeketi. Vikiwa viwili, nafasi iliyo kati yavyo na iwe sawa na ile ya kutoka kila kimoja hadi kwa msikilizaji. Visikaribie mno ukuta: sauti nene huenea pande zote, na ukuta, hasa penye pembe ya chumba, huzizidisha hata zikafunika maneno. Mkeka hupunguza mwangwi wa sakafu ya saruji.

La mwisho ndilo kubwa. Kigoda na kiwe na kitako kipana na kizito, na nyaya zipitishwe kandokando ya ukuta. Mtoto anayejifunza kutembea hushika chochote kilicho mbele yake. Chombo kikimwangukia, hakuna wimbo utakaowafariji wazazi wake.