Tundu la Ethi Juu: Kufunga Soketi za Nyumbani



Nyumba iliyonifanya niandike mada hii iko hapa hapa Usagara, kwenye barabara ya kwenda Kigongo. Mama mwenye nyumba alikuwa akipigwa na umeme kila akigusa sufuria juu ya jiko la koili, na aliapa kwamba swichi ya ukutani alikuwa ameshaizima. Nilipoingia jikoni nikaiona soketi: tundu la ethi linatazama sakafu.

Soketi zetu za pini tatu bapa, ampea 13, tulizirithi kwa Waingereza. Kiwango chao, BS 1363, ni cha mwaka 1947. Ukisimama mbele yake, ethi iko juu, nyutro kushoto, laivu kulia. Kule Marekani mafundi hubishana kama tundu la ethi liwe juu au chini, kwa kuwa kanuni zao hazilazimishi. Sisi ubishi huo hautuhusu, maana waya wa plagi zetu hutokea chini. Soketi ikipinduliwa, waya unatokea juu na kukunjwa shingoni ili urudi chini. Siku zikipita unakatika, au plagi inalegea na kuanza kuungua. Swichi nayo inageuka: tumezoea kubonyeza chini kuwasha, sasa chini ndiko kuzima.

Kubwa zaidi ni mkono wa fundi. Tunapofunga nyaya tunaiangalia soketi kwa nyuma, ethi juu, laivu kushoto kwetu. Mkono umeshazoea. Fundi akiishika soketi kichwa chini bila kusoma L na N, laivu inaingia kwenye nyutro. Taa itawaka, redio itaimba, mteja atalipa. Lakini swichi ya soketi na fyuzi ya plagi sasa zinakata nyutro, na laivu ya volti 230 inabaki ndani ya kifaa hata swichi ikiwa imezimwa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye koili ya yule mama, na sufuria yake ilikaa juu ya waya mtupu.

Kwa hiyo ukikuta soketi imepinduka, usiigeuze tu ukaondoka. Nyaya zilizobadilishana zitageuka nayo zikiwa vile vile. Zima meni swichi, fungua, soma herufi, rekebisha. Kisha washa upime kwa mita: laivu na ethi zikupe karibu volti 230, nyutro na ethi karibu sifuri. Testa itakuonyesha tundu lenye moto, ila haitakwambia kama ethi ipo, nami nimeshakuta waya wa kijani na njano umeishia hewani ndani ya boksi.

Kwa yule mama nilikuta soketi tano zimepinduliwa. Mbili zilifungwa sawa. Tatu, laivu na nyutro zilikuwa zimebadilishana, na moja kati ya hizo ilikuwa kando ya kitanda cha watoto.